Ukuta Uliomeza Kwaya

Mkiingia katika jumba lolote la sinema la zamani, msitazame juu. Kila mtu hutazama juu. Anaona maua ya plasta, anaona dari yenye rangi ya dhahabu, anaanza kunong'ona kama yuko kwenye misa, na mwenye jumba akimwona hivyo tu anapandisha bei. Ninyi inameni. Pitisheni mkono chini ya kiti cha tatu kutoka ukingoni. Hapo ndipo jumba linaposema ukweli.

Chini ya kiti mtakuta chingamu zilizobandikwa na watu ambao sasa ni mababu. Zikiwa nyingi, jumba lilikuwa la vijana na filamu za ngumi. Mkikuta maganda ya mbegu za alizeti kwenye nyufa za sakafu, walipita Wagiriki. Mkikuta harufu ya bizari imekwama kwenye sponji, basi familia za Kihindi zilikuja hapo Jumapili mchana na sambusa zimefungwa kwenye taulo, na mimi ni mmoja wa waliozila. Na mkikuta chini ya kiti pasafi kabisa, muulizeni mwenye jumba amevitoa wapi viti vile, kwa sababu si vya hapo, na atashtuka mmejuaje.

Mimi nimekuwa fundi wa viti vya sinema hapa Toronto karibu maisha yangu yote ya kazi. Nimevifunga, nimevishona, nimevifungua, nimeviuza. Mapazia, mazulia na vitambaa vya ukutani vilipita mikononi mwangu pia, lakini viti ndivyo vilivyonilisha. Ukisema "Pinto wa viti" kuanzia Scarborough mpaka Richmond Hill, wenye majumba wazee watajua unamsema nani, na wawili watatu watakwambia mimi ni mwizi. Hao ndio niliowashinda bei.

Najua mtasoma haya kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, kama wajukuu zangu. Haidhuru. Bei ni ileile.

Kazi nilifundishwa na Mhungaria mmoja, Zoltan, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kama imeazimwa kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na koti ambalo muuzaji aliniapia kuwa ni la baridi. Zoltan alilishika, akacheka, akanipa la kwake la zamani, kisha akakata gharama yake kwenye mshahara wangu wa kwanza. Nikajua huyu atanifaa.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili: viti vinne vina mikono mitano. Viti vya sinema hupangwa kwa safu, na jirani huchangia mkono na jirani. Ukinunua nusu ya safu bila kufikiri, unafika kwako na viti ambavyo cha mwisho hakina pa kuegemea, kimesimama kwa imani. Ndiyo maana mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Mara ya kwanza unahesabu ulichokuja nacho kichwani. Mara ya pili ndipo unahesabu kilichopo.

Somo la pili nilijifundisha mwenyewe, na wengine wakalipa ada. Sakafu ya sinema ina mteremko kuelekea kwenye skrini, na miguu ya viti vyake hukatwa kufuata mteremko huo: wa mbele mrefu kuliko wa nyuma. Mimi sikulijua hilo. Niliuza safu kadhaa kwa shule moja ya udereva kule Scarborough, kwenye yale maduka yaliyopangana barabarani kama mabehewa, sakafu yao bapa kama meza. Nikafunga nati zote, nikaondoka napiga mluzi. Wanafunzi walipokaa, wakajikuta wote wanatazama dari. Nililazimika kurudi na kabari za mbao kwa kila mguu wa nyuma. Mwalimu wao alikuwa amekwisha kufundisha siku tatu wakiwa wamelala vile. Mpaka leo nikimwona dereva barabarani ameegemea kama yuko kwa daktari wa meno, najiuliza alisomea wapi.

Majumba nayo yalibadilika kazi mbele ya macho yangu. Filamu zilihamia kwenye majengo makubwa yenye maegesho, halafu zikahamia kwenye simu zenu, na yale majumba ya mitaani yakabaki yameduwaa. Moja nililivua viti likawa ukumbi wa harusi. Moja likawa mahali watu wanalipa kupanda ukuta kwa kamba, jambo ambalo kwetu mtu hulipwa kulifanya. Moja likawa duka la vyakula, na tajiri wake, kwa ubahili, hakutaka kusawazisha sakafu. Nilimwonya. Wiki ya kwanza vikapu vya magurudumu viliteremka vyenyewe na kwenda kukusanyika mbele, pale ilipokuwa skrini, kama watoto waliowahi viti vya bei rahisi. Na yako mengine yaliyobaki uso tu. Wajenzi wa maghorofa huacha ule ukuta wa mbele wenye urembo, wanachinja mwili mzima nyuma yake, na kusimamisha mnara. Ukipita barabarani unadhani jumba lipo. Ingia ndani: lifti.

Sasa niwaambie la jumba la Bi Eleni, maana hilo ndilo lililonifundisha baada ya kustaafu, wakati nilipodhani nimemaliza shule.

Jumba lile liko kwenye barabara ya Danforth, upande wa mashariki. Lilikuwa la mume wake, Bwana Takis, Mgiriki mcheshi aliyependa kila mashine mpya. Yeye alionyesha filamu. Bi Eleni alikaa kwenye kibanda cha tiketi mlangoni, na ndiye aliyekaanga bisi. Filamu zilipoanza kuja na sauti za kuzunguka ukumbi mzima, spika ubavuni na spika nyuma, kuta zake za plasta zikageuka adui. Inapigwa bunduki moja, unasikia tatu. Bwana Takis akatuita mimi na Zoltan tuzivishe kuta.

Ile ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Tulipigilia fito za mbao, tukajaza sufi ya kioo katikati, ile pamba ya nyuzi za kioo inayomeza mwangwi, juu yake tukavuta kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kuanzia sakafuni hadi juu, bila kunyanzi hata moja, pini zimepangwa karibukaribu na kila moja imerudiwa. Sufi ya kioo, wanangu, vaeni mikono mirefu, na mkimaliza ogeni kwa maji baridi. Ya moto huifungulia ngozi mlango. Tulipomaliza Zoltan akasimama katikati ya ukumbi akapiga kofi moja. Kofi likafia mkononi. Halikwenda popote. Bwana Takis akatukumbatia wote wawili kwa pamoja. Bi Eleni alituletea kahawa, akauliza kama tumemaliza kweli, tukasema ndiyo. Akarudi kwenye kibanda chake akafunga kidirisha. Sikulitilia maanani hilo.

Miaka ikaenda. Wateja wakapungua. Kuna kipindi, riziki ilipobana, Bwana Takis alionyesha zile filamu ambazo wateja huingia wameshusha kofia usoni. Baadaye akaacha, akaonyesha za Kihindi, akaacha, akafa. Bango la taa nje likazimwa. Watoto wa Bi Eleni, ambao ni watu wazuri wenye haraka, wakamletea wajenzi wa mnara. Uso ungebaki. Mwili ungekwenda.

Bi Eleni akanipigia simu nije nithamini viti. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini kuthamini si kufanya kazi, ni kutazama kwa dharau. Nilikuwa bado nazunguka na bei kichwani alipokuja kwangu mtu mwingine, kununua viti: Pasta Byamungu.

Huyu alitoka Bukavu. Mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, jioni aliwachunga watu wake, Wakongo na Warundi, wengi wao wakaazi wa maghorofa ya St. James Town. Kila Jumapili walipanda basi mpaka Scarborough kusali kwenye ukumbi wa michezo wa shule, chini ya vile vyuma vya mpira wa kikapu. Aliingia gereji yangu, akatazama viti, akataja bei. Nikataja yangu. Akanyamaza. Mimi ndiye ninayejulikana kwa kunyamaza. Ni silaha yangu, anayesema wa pili ndiye anayeshinda. Tulisimama pale tukitazamana mpaka mke wangu akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa. Mimi ndiye niliyesema kwanza. Nikamheshimu.

Ndipo nikamuuliza, kwa nini ubebe viti uvipeleke shuleni, wakati kuna jumba zima lina viti vyake na halina watu?

Nikamkutanisha na Bi Eleni. Yeye alikuwa na nusu ya moyo kwa wajenzi na nusu haijui iko wapi. Tulijadiliana kwenye meza ya jikoni kwake, akanipunja mara mbili kwenye keki. Mwisho tukakubaliana hivi: kanisa watalitumia jumba kwa majaribio. Baada ya hapo atakuja mwenyewe Jumapili moja, akae, asikie. Akiona jumba lina uhai, atatia sahihi miaka kumi. Asipouona, wajenzi wanaanza.

"Sitaki kodi ya watu wanaokaa kama wapo kliniki," aliniambia. "Nataka lijae, Pinto. Unanielewa? Kujaa si watu tu."

Nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Jumapili ya kwanza nilikwenda kutazama. Mimi ni Mkatoliki, Mgoa wa Dar, misa yangu huisha kabla hujachoka; hawa ndugu zangu huanza kuchangamka pale sisi tunapoagana. Kwaya yao iliongozwa na Mama Zawadi, mwanamke mwembamba anayefanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mwenye sauti ambayo kule shuleni ilikuwa inazitikisa nyavu za vikapu. Akasimama pale mbele, chini ya skrini, akaanza. Kwaya ikamfuata.

Na ikawa kama wanaimba ndani ya godoro.

Hakuna aliyekuwa amekosea. Wanawake wale walikuwa wanatoa kila walichonacho, mishipa ya shingo imesimama. Lakini sauti ilitoka mdomoni ikaanguka palepale miguuni. Aliyekaa katikati alijisikia yeye tu. Akadhani jirani yake haimbi, akanyamaza kwa aibu. Jirani naye vivyo hivyo. Kufikia ubeti wa tatu nusu ya ukumbi walikuwa wanatazama viatu.

Baada ya ibada Mama Zawadi alinifuata. "Papa Pinto, hii nyumba inakula sauti. Kule shuleni tunaimbaka, sauti inarudi inatubeba. Hapa naituma, hairudi."

Pasta naye alikuwa na maelezo yake. Mtu fulani alikuwa amewaambia habari za zile filamu za kofia usoni. Watu wakaanza kusema mahali pana kitu. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayekuarifu kuwa nyumba yako ina panya.

Nikamwambia, "Hiyo si roho chafu, Pasta. Ni mimi na Zoltan."

Nikamwonyesha kitambaa, nikamwambia kazi yake, nikapiga kofi likafa. Nilieleza vizuri, na nilikuwa sahihi kabisa, na sikuwa na msaada wowote. Kwa sababu aliponiuliza basi tufanyeje, nilisema wasikiguse kitambaa. Jumba hili limevishwa kwa ajili ya spika, nikasema. Wekeni vipaza sauti, spika ziko ukutani. Mtu aliyepigilia pini zile moja moja hawezi kutoa ushauri mwingine.

Wakaazima vipaza sauti. Mama Zawadi alikishika kimoja kama mtu aliyepewa samaki wa jana, akakirudisha.

"Mungu haiko kiziwi, Papa."

Basi Jumapili zikapita hivyo. Familia kadhaa zikarudi kusali majumbani mwao kule St. James Town, sebuleni, ambako angalau sauti inagonga friji na kurudi. Mama Zawadi hakuhama, lakini alianza kuimba kwa nusu, na mtu kama yule akiimba kwa nusu, wengine huimba kwa robo. Siku ya Bi Eleni ikabaki wiki moja na ushei. Wajenzi wa mnara walikuwa wamekwisha kupima kiwanja.

Sasa sikilizeni walichokifanya bila kuniambia. Ijumaa kikundi cha maombi kilifunga, kikakusanyika, kikalitakasa jumba. Wenzetu hawa wakitakasa mahali hawafanyi kwa kidole. Walikuwa wamenunua mafuta ya zeituni, yale makopo makubwa yanayouzwa Scarborough, na wakazipaka kuta zote, kushoto na kulia, kwa viganja, huku wanaomba. Nilipofika Jumamosi asubuhi kukaza nati za viti, mlango haujafunguka vizuri, nikasikia harufu ya saladi.

Kitambaa changu kilikuwa kimelowa kuanzia sakafuni hadi pale mkono wa kila mtu ulipofikia. Ungeweza kumpima kila muumini. Hapa alisimama mama mfupi, hapa ndugu mrefu, hapa mtu alibebwa mabegani. Nilikaa kwenye kiti nikautazama ukuta. Kisha nikakaza nati, kwa sababu ndizo zilizonileta.

Jumatatu akaja mkaguzi wa moto. Ilikuwa ziara ya kawaida; jumba lililofunguliwa upya hukaguliwa. Dada mmoja kijana, daftari mkononi. Akagusa ukuta, akanusa vidole, akaniuliza kama hayo ni mafuta ya kupikia. Nikasema ni ya maombi. Akasema moto hautofautishi. Kitambaa cha sinema hutiwa dawa kisishike moto, na kikilowa mafuta dawa ile si kitu. Ama kitoke, ama watu wasiingie.

Nikajaribu kupatana naye. Nikapendekeza tukate cha chini tu, penye mafuta, cha juu kibaki. Akakitazama, akasema mafuta hupanda. Nikapendekeza kiasi. Akasema chote. Nikapendekeza muda. Akasema kabla ya mtu wa kwanza kukaa. Katika maisha yangu nimekutana na watu wachache ambao hawajui kabisa kujadiliana. Nilimheshimu na sikumpenda.

Jumamosi iliyofuata, siku moja kabla ya Bi Eleni, kanisa zima lilikuja kuvua kuta. Waliotoka zamu walikuja na sare zao. Nilisimama katikati kama baba wa bibi harusi, natoa maagizo: mikono mirefu, funikeni pua, anzieni juu, msivute, ng'oeni pini kwanza. Pini hazikutaka kutoka. Pasta alikuwa juu ya ngazi anatoka jasho, akanigeukia.

"Papa, nani alipigilia hivi?"

"Fundi mzuri," nikasema.

"Alikuwa anafungia nini humu, simba?"

Kipande kwa kipande kikashuka. Nyuma yake ilikuwa ile plasta ya zamani, rangi ya waridi iliyopauka, na alama za penseli za Zoltan bado zipo, na hesabu zake za Kihungaria ambazo alizirudia mara mbili. Sufi tukaitia mifukoni. Kufikia saa nane mchana kuta zilikuwa tupu na kazi yangu nzuri kuliko zote ilikuwa imerundikwa kwenye mifuko myeusi kando ya mlango wa nyuma. Nitasema kweli, nilikuwa najiandaa kwenda nyumbani.

Mama Zawadi akaingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa ametoka kazini, akapitia nyumbani kuchukua chakula, sufuria ya maharage mikononi, na mabinti zake nyuma wamebeba ugali. Hakuona kitu, ukumbi ulikuwa umejaa vumbi. Akaita tu, kama mama yeyote anavyoita:

"Mukuje mukule!"

Sauti ikaondoka. Ikapanda juu ya viti, ikagusa balkoni, ikakata kona, ikashuka kwa ukuta wa kulia, ikampita yeye mwenyewe mgongoni. Kila mtu kwenye ngazi aligeuka. Nyundo zikasimama.

Mama Zawadi akabaki palepale na sufuria yake. Akaita tena, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Ikarudi tena. Basi akaweka sufuria sakafuni, katikati ya njia, akaimba. Hakuimba kwa nusu. Mstari wa pili wenzake waliokuwa juu ya ngazi wakaupokea kutoka kona nne, vumbi mdomoni, na sasa kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake. Nimefanya kazi katika majumba yale tangu ujana wangu. Nilikuwa sijawahi kusikia jumba likiitikia.

Maharage yalipoa. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa mimi kidogo.

Pasta akashuka ngazini, akanishika bega. "Unaona, Papa. Mafuta yamefanya kazi."

Nikafungua mdomo nimweleze kuhusu plasta na sufi ya kioo. Halafu nikalirudia jambo lile kichwani kuanzia mwanzo: bila mafuta, mkaguzi asingeagiza; bila agizo lake, kitambaa kisingetoka, mimi nisingekubali kitoke hata kidogo. Nikahesabu mara ya pili. Jibu likawa lilelile. Nikafunga mdomo.

Jumapili Bi Eleni alikuja na koti lake jeusi na mwanawe mkubwa, ambaye alikuwa na simu sikioni. Nilikuwa nimejiandaa na hoja tano, nimezipanga kuanzia dhaifu kwenda nzito. Akakaa safu ya nyuma kabisa, mkoba magotini. Kwaya ikaanza. Kisha ukafika wakati wa matoleo, na hawa wenzetu matoleo hayaendi kwa kikapu, yanaendewa kwa kucheza, safu kwa safu, vitenge na mabega. Na sakafu ile, kumbukeni, ina mteremko. Kwenda mbele walikwenda mbio bila kutaka. Kurudi walirudi wanahema na kucheka. Hata mimi miguu yangu, ambayo ni ya Kikatoliki, ilianza kuuliza maswali.

Nikageuka kumtazama Bi Eleni. Kiti kitupu.

Nikatoka mbiombio. Kwenye ukumbi wa mlangoni mwanawe alikuwa amesimama peke yake, akanionyesha kwa kidevu. Bi Eleni alikuwa ameingia kwenye kibanda cha tiketi. Amekaa kwenye kigoda chake cha zamani, kidirisha amekifungua, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Pinto," akasema bila kunitazama. "Vile vitambaa vyako viko wapi?"

"Kwenye mifuko ya taka, nyuma."

"Vyote?"

"Vyote. Nimehesabu mara mbili."

Akasikiliza kwaya kidogo. "Nimevichukia tangu siku mlipovitundika. Mimi sikuwahi kuona filamu hata moja humu, kuna aliyefikiria hilo? Nilikuwa hapa, nakata tiketi. Nilikuwa nazisikia. Watu wakicheka, nacheka. Wakinyamaza, najua mtu anakufa, naanza kukaanga bisi, kwa sababu watatoka na njaa. Halafu mkaja na pini zenu. Takis alifurahi mno, ningemwambia nini? Nikakaa hapa miaka yote ile kama niko kaburini."

 Zile hoja zangu tano zote zilikuwa za kitu kingine.

Mwanawe akakaribia, mkono umefunika simu. "Mama, watu wa mnara wako kwenye simu wanasubiri. Niwaambie nini?"

"Waambie siwasikii," akasema Bi Eleni. "Kuna watu wanaimba."

Alitia sahihi palepale kwenye kile kibao cha tiketi, Pasta akiwa bado anafuta jasho. Mimi nikakunja mikono, nimeridhika, nikidhani biashara imekwisha. Bi Eleni akakifunga kibweta cha miwani, akaniuliza nimewatoza kiasi gani kanisa kwa kuvivua.

"Bure, Bi Eleni. Kwa ajili ya Mungu."

"Vizuri. Basi nirudishie tulichokulipa kuvitundika."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Tukapatana pale dirishani karibu saa nzima, kwaya ikiwa nyuma yetu, naye ndiye aliyenyamaza kwa muda mrefu zaidi. Makubaliano ni kwamba nitavitunza viti vyote vya jumba lile bila malipo, kila Jumapili, muda wote mkataba utakapokuwa hai au mimi nitakapokuwa hai, chochote kitakachokwisha kwanza. Mke wangu anasema nimehama dini. Namwambia misa nakwenda Jumamosi jioni; Jumapili niko kazini.

Kwa hiyo mkitaka kujifunza kazi hii, mnajua pa kunipata: Danforth, na spana mfukoni, nimeinama. Njooni na mikono mirefu. Wiki iliyopita nilipitisha mkono chini ya kiti cha tatu kutoka ukingoni, safu ya watoto wa kwaya, nikagusa chingamu mpya, bado laini, bado ina harufu ya ndizi.

Nikatoa bisibisi niibandue. Kisha nikairudisha bisibisi mfukoni, nikaendelea na kiti cha nne.